Emma, Rosa na Mahakama Zao

Tarehe 29 Januari 1857, mwendesha mashtaka wa serikali jijini Paris, Ernest Pinard, alisimama mahakamani kuishtaki riwaya, Madame Bovary. Washtakiwa walikuwa watatu: Gustave Flaubert aliyeiandika, Léon Laurent-Pichat aliyesimamia jarida la Revue de Paris lililoitoa kwa mfululizo kuanzia Oktoba hadi Desemba 1856, na mpigachapa wao. Kosa lao lilikuwa kuvunjia heshima maadili ya umma na dini. Lakini jina linalorudi katika hoja za Pinard ni la Emma Bovary, mke wa tabibu wa mji mdogo huko Normandie, aliyezini na wanaume wawili, akazama katika madeni, akajiua. Na hoja yake nzito kuliko zote haikuwa zinaa yenyewe. Alitaka kujua ni nani, ndani ya kitabu kizima, anayemhukumu mwanamke huyu. Mumewe anamlilia na kuzidi kumpenda hata baada ya kumzika. Padri wa mji ni mzito wa akili, mfamasia ni bingwa wa maneno matupu. Hakuna hata mmoja ambaye Emma angelazimika kuinamisha kichwa mbele yake.

Mwaka 1971, East African Literature Bureau ilitoa Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, kijana wa miaka 27 kutoka Namagondo, Ukerewe. Rosa naye anapita mikononi mwa wanaume, naye anajiua. Kezilahabi lakini hakukomea kaburini. Alimchukua Rosa pamoja na Zakaria, baba yake, akawasimamisha mbele ya Mungu washtakiane. Yule hakimu ambaye Pinard alimtafuta kurasa zote bila kumpata, hapa amekaa kitini, wala hakuna rufaa ya kwenda juu zaidi. Hata hivyo kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kabla ya kuja kuwa miongoni mwa vitabu teule ambavyo wanafunzi walitakiwa kuvisoma kwa mtihani.

Kitabu kimoja kilishtakiwa kwa kukosa hakimu, kingine kikafungiwa ilhali hakimu yumo. Jambo hili halijaniacha tangu klabu yetu ya usomaji hapa Mwanza ilipozisoma riwaya hizi mbili, moja baada ya nyingine. Nimesoma riwaya tangu utotoni, za Kiswahili na zile ambazo dunia huziita za daima, na mara nyingi nimekutana na mizani iliyokwishapangwa: mwandishi wa Ulaya anakaa kimya, kwa hiyo ni msanii, mwandishi wetu anatamka hukumu, kwa hiyo ni mhubiri. Siku ya kwanza ya mazungumzo yetu mizani hiyo ililetwa mezani kama ilivyo. Siikubali. Waandishi hawa wawili wamefanya kazi moja kwa njia mbili, na njia ya Kezilahabi ina ukoo wake, tena ukoo wa heshima, ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kwanza tumtendee haki Flaubert. Alikaa na riwaya hii karibu miaka mitano nyumbani kwake Croisset, kando ya mto Seine karibu na Rouen, akiandika sentensi na kuifuta, akiisoma kwa sauti ili asikie pale inapokwama. Katika barua ya mwaka 1852 kwa Louise Colet alieleza imani yake: mwandishi katika kazi yake awe kama Mungu katika ulimwengu, yupo kila mahali na haonekani popote. Mungu wa Flaubert, basi, hahutubii. Anapanga.

Tazama alivyopanga maonyesho ya wakulima. Rodolphe, mwenye shamba na mzoefu wa kutongoza, amemketisha Emma dirishani, ghorofa ya juu ya jengo la halmashauri. Chini uwanjani maofisa wanahutubia na kutangaza zawadi za mifugo na za samadi. Rodolphe anatamka neno la mapenzi, chini inasikika zawadi. Anatamka jingine, zawadi nyingine. Msimulizi hasemi kwamba maneno ya mwanamume huyu ni ya uongo. Ameyaweka jirani na samadi, akanyamaza. Kisha anaitwa jukwaani kikongwe aitwaye Catherine Leroux, mtumishi aliyefanya kazi miaka 54 katika shamba moja, ili apewe medali ya fedha yenye thamani ya faranga 25. Mikono yake imekakamaa kwa kazi hata haiwezi kukunjuka sawasawa. Anaipokea medali na kusema atampa padri amsomee misa. Waheshimiwa wanastaajabu ujinga wake. Nusu ukurasa tu, na Flaubert hamtaji tena. Lakini baada ya hapo msomaji ameshajua ni watu wa namna gani wanaokaa viti vya mbele katika mji ule, na hao ndio watakaomhukumu Emma atakapoanguka.

Hukumu ipo, basi, ila imefichwa katika mpangilio. Lheureux, mfanyabiashara aliyemkopesha Emma mapazia na vitambaa mpaka akamnasa kwa hati za madeni, anazidi kustawi. Homais, mfamasia aliyechochea upasuaji wa mguu wa kijana aitwaye Hippolyte, uliomfanya akatwe mguu, anamaliza riwaya kwa kupata nishani ya taifa. Wanaume ambao Emma aliwaendea kuomba fedha siku ya mwisho, Rodolphe akiwemo, wanaendelea na maisha yao. Pinard alilalamika kwamba hakuna wa kumhukumu Emma. Alikisoma kitabu vizuri, kuliko wengi waliokisifu. Kilichompita ni kwamba Flaubert aliwaondolea wote haki ya kuhukumu kwa kuonyesha walivyo.

Tarehe 7 Februari 1857 mahakama iliwaachia huru washtakiwa, ingawa iliikaripia riwaya yenyewe. Wakili Sénard, aliyemtetea Flaubert, alipata heshima ya kutabarukiwa kitabu kilipotoka mwezi Aprili. Mwaka huohuo Pinard huyohuyo alimshtaki Baudelaire kwa mashairi yake, na safari hiyo akashinda: mshairi alitozwa faini na mashairi sita yakaondolewa kitabuni.

Sasa tuvuke maji hadi Ukerewe. Maafa ya Rosa yanaanza na barua. Kijana aitwaye Charles anamwandikia, Zakaria anagundua, Rosa anapata kipigo cha kumtia adabu na aibu kwa pamoja. (Majina yamegongana: mume wa Emma naye ni Charles. Tukiwa klabuni ilibidi tuseme Charles wa Ufaransa na Charles wa Ukerewe.) Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na ndiye anayejiona mlinzi wa heshima ya nyumba. Mabinti wanalelewa kwa kufungiwa. Rosa anapokwenda shule ya bweni hapa Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hana hata neno moja alilofundishwa kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa, na hofu ikishatoka hakuna kilichobaki mahali pake. Wanaume wenye kazi na vyeo wanajua hivyo. Mwisho anajaribu kurudi kwa Charles, na Charles, akigundua kwamba Rosa si bikira, anamkataa.

Kezilahabi hapangi kwa kificho kama Flaubert. Anaandika kwa kasi, sentensi fupi, sura zinazokimbia, na mara kwa mara anasimama kusema jambo waziwazi kuhusu malezi. Mtu aliyezoea Flaubert atasema huyu anaingilia. Mimi nilipoirudia Rosa Mistika mara baada ya Madame Bovary, kilichonigusa ni kitu kingine: nyumbani Namagondo Rosa hana nafasi ya kumjibu baba yake. Fimbo inazungumza, mama anazungumza kwa machozi, majirani wanazungumza kupita kiasi. Binti ndiye anayenyamaza. Mahali pekee anapoweza kusimama uso kwa uso na Zakaria, akamweleza kwamba malezi yake ndiyo yaliyomfikisha alipofika, ni mbinguni. Ilibidi wafe kwanza. Ndiyo maana siioni sura ile kuwa mahubiri. Mungu wa Kezilahabi, tofauti na yule wa barua ya Flaubert, anaonekana na ana kikao, na jambo kubwa analolifanya ni kusikiliza. Baba analaumu, binti analaumu, na kwa mara ya kwanza sauti zao zina uzito sawa.

Ukoo niliousema unaanzia hapo. Riwaya ya Kiswahili ilizaliwa ikiwa na mahakama ndani yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na kitabu karibu chote ni utetezi wake mbele ya mfalme, siku baada ya siku, akisimulia habari za wajumbe sita walioitumikia nchi wakalipwa mateso. Mshtakiwa anapewa kauli, na kwa kauli hiyo walio juu wanajikuta wao ndio wenye kesi. Kezilahabi aliijua kazi hiyo kwa undani. Tasnifu yake ya uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na ingawa alimkosoa katika mengi, kikao kile cha kesi kilikuwa tayari kimeshaingia katika kitabu chake mwenyewe miaka mitano kabla.

Tena kuna ukoo wa mbali zaidi. Karibu na mwaka 1858, yaani mwaka mmoja hivi baada ya kesi ya Paris, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake maarufu wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mjane, alikuwa mgonjwa, na alitaka mwanawe apate mwongozo wa dini, wa adabu na wa kukaa na mume. Si haki kuusoma utendi ule kama kamba ya kumfunga mwanamke. Ni sauti ya mama mwenye elimu na madaraka, anayejua dunia ya Siu na Pate ilivyo na anataka binti yake avuke salama. Hata hivyo, mama anasema na binti anasikiliza. Ndivyo wosia ulivyo. Kati ya Mwana Hashima anayesikiliza na Rosa anayejibu mbinguni ipo miaka zaidi ya 110, na ndani yake zimepita shule za misheni, ukoloni, uhuru na Azimio la Arusha. Regina angekuwa na nafasi ya Mwana Kupona huenda Rosa angepata wosia. Hakuipata. Katika nyumba ya Zakaria mama naye alikuwa wa kuchapwa.

Haya yote ningeweza kuyafikiri peke yangu chumbani. Yaliyofuata nisingeyafikia bila klabu.

Tuna mwalimu mstaafu wa Kiswahili, muuguzi wa wodi ya wazazi, fundi simu aliye mdogo kuliko sote, mama anayeuza vitenge, na wengine wanaokuja na kukosa. Nakala za Madame Bovary zilikuwa za Kiingereza na chache; fundi aliisoma kwenye simu. Mama wa vitenge hasomi Kiingereza, kwa hiyo sura kwa sura tulimsimulia, na kwa kusimulia tuligundua nani kati yetu alisoma kwa makini na nani aliruka. Yeye alisikiliza kama anasikiliza kesi ya jirani, akakatiza kwa maswali ambayo mhakiki yeyote angejivunia: fedha za kwanza alimkopa nani? Mumewe alijua lini?

Kijana alikuwa mkali kwa Emma. “Ana mume mpole, ana mtoto, ana nyumba. Mimi sijaona anachokitafuta.”

“Mwanangu,” mama wa vitenge akamjibu, “upole wa mtu asiyekuona unauma kuliko kelele.”

Kwa Rosa, mkali alikuwa mwalimu. Aliifundisha riwaya hii miaka mingi, na anakumbuka pia wakati ilipopita mkono kwa mkono kwa siri. Alishikilia kwamba Rosa alikuwa na akili, alifika chuo, alijua alilokuwa akilifanya. Tusimbebeshe Zakaria kila kitu. Muuguzi alimwacha amalize.

“Shikamoo yako naiheshimu, Mwalimu,” alisema, “lakini mimi akina Rosa nawapokea wodini. Anakuja ana miaka kumi na sita, shule imeshamtoa, baba kamfukuza, aliyempa mimba yuko ofisini kwake amevaa tai. Ukiniuliza kosa lilianzia wapi, sianzii kwake.”

Alikuwa na haki ya kuitaja shule. Kwa miongo mingi mwanafunzi aliyepata mimba nchini alipoteza nafasi yake. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi darasani. Ukiirudia Rosa Mistika ukiwa na jambo hili akilini, unaona kwa nini ilichoma. Kitabu kilichotoka miaka minne tu baada ya kuandikwa kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea kilikuwa kinaonyesha wasichana wasomi wa taifa jipya wakiharibiwa na watu wazima waliopaswa kuwajenga. Waliokifungia waliogopa kwamba wanafunzi wangejifunza uasherati. Nadhani wanafunzi wangejifunza kuuliza maswali kuhusu watu wazima, na hilo kwa shule yoyote ni gumu zaidi.

Mwalimu hakurudi nyuma, wala sikutaka arudi. Aliuliza swali lililobadili mazungumzo yetu: kama tunamtetea Rosa kwa kuwa hakulelewa vizuri, Emma tutamteteaje? Baba yake, mzee Rouault, ni mkulima mpole anayempenda. Alimpeleka shule ya watawa, akamwoza kwa mtu asiye na makuu. Hakuna fimbo. Hakuna Zakaria.

Hapo ndipo riwaya mbili zilipoanza kuangaziana. Emma alilelewa na vitabu. Shuleni kwa watawa kulikuwa na mwanamke mzee aliyekuja kushona na kurekebisha nguo, ambaye mfukoni mwa aproni alificha riwaya za mapenzi, akawaazima wasichana wakubwa. Emma alizimeza, na maisha yake yote akawapima wanaume kwa kipimo cha kurasa zile. Rosa hakulelewa na kitabu wala na neno. Alilelewa na ukimya uliokatizwa na kipigo. Mmoja alijazwa mapenzi yasiyokuwepo duniani, mwingine hakuambiwa kwamba mapenzi yapo. Wakifika mbele ya mwanamume mwenye ulimi mtamu, wote wawili hawana silaha, na sababu zao zinapingana kabisa. Fundi simu, ambaye mwanzoni hakuona anachokitafuta Emma, ndiye aliyesema kwamba yule mzee wa kushona angalau aliwapa wasichana kitu cha kuwaza. Kilichokosekana ni mtu wa kuzungumza nao kuhusu walichokisoma.

Niliandika maneno yake pembeni mwa nakala yangu. Emma anasoma peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hata Léon, karani kijana anayependa vitabu kama yeye, anazungumza naye juu ya machweo, bahari na muziki kwa namna ambayo kila mmoja anaufurahisha moyo wa mwenzake, bila mmoja kumwambia mwingine, hapo mwandishi amekudanganya. Katika Yonville, mji wanamoishi, hakuna mtu wa kubishana naye kuhusu riwaya. Homais ana maoni kuhusu kila kitu, lakini hasikilizi.

Kwa upande wa ufundi bado nampa Flaubert cheo cha juu katika jambo moja: anaweza kukaa ndani ya mawazo ya Emma, akaona kwa macho yake, kisha katika sentensi ileile akatuonyesha anachokikosea, bila kubadili sauti. Kezilahabi wa 1971 hakuwa na uwezo huo, na Rosa mara nyingine tunamwona kwa nje tu, kwa matendo, pale tunapotamani kujua aliwaza nini. Atakuja kuupata uwezo wa kuingia ndani ya akili ya mhusika miaka mitatu baadaye katika Kichwamaji. Lakini Flaubert naye hana kitu ambacho Kezilahabi anacho. Emma anakufa bila kupewa nafasi ya kumwambia mtu yeyote, kwa maneno yake mwenyewe, nini kilimpata. Hata kwenye barua yake ya mwisho Flaubert anatufungulia maneno machache tu, ya kwamba asilaumiwe mtu. Asilaumiwe mtu! Mama wa vitenge alipoyasikia alipiga meza. Kwake kimya kile kilikuwa dhuluma ya mwisho, na akasema wazi kwamba angependa Emma naye apelekwe mbinguni akaulizwe.

Kisha akauliza habari za mtoto.

Tulikuwa tumempita Berthe, binti wa Emma. Baba anapokufa, msichana huyo anapelekwa kwa bibi yake, bibi naye anafariki mwaka huohuo, na shangazi maskini anayemchukua anamtuma kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Flaubert anayasema haya katika sentensi chache karibu na mwisho, kabla ya nishani ya Homais, na wengi wetu macho yalikuwa yameshakimbilia mstari wa mwisho. Muuguzi akataja wadogo zake Rosa, waliobaki Namagondo na kisa kile juu ya vichwa vyao. Tulitumia saa nzima iliyobaki juu ya watoto hawa, ambao katika kesi ya Paris hawakupewa kauli na katika kesi ya mbinguni hawakuitwa kutoa ushahidi. Mwalimu alitaka tuhesabu haya kuwa udhaifu wa riwaya zote mbili. Mimi nilibisha kuhusu Flaubert: kiwanda kile cha pamba kimewekwa pale makusudi, kama Catherine Leroux na medali yake. Kuhusu Kezilahabi sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kwa mwezi ujao tumechagua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Maimuna naye amefungiwa ndani na baba mkali, Maksuudi, naye anatoroka na kuangukia maisha ya danguro na ulevi. Lakini anabaki hai, anaolewa na Kabi, na baba yake anaishi kuyaona. Muuguzi ndiye aliyeipendekeza. Amesema anataka kusoma kitabu ambacho binti na baba wanakutana upande huu wa kaburi, na mwalimu ameomba apewe nafasi ya kwanza kumsemea Maksuudi.